Okullo na Mcheza Salsa wa Sinema

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Okullo alikonda mpaka mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya. Ungedhani kanyang'anywa mchumba na jirani, au na askari mwenye gari. Wapi! Mtu mzima na akili zake alikuwa akimwonea wivu mtu wa kwenye sinema.

Okullo aliendesha mashine ya sinema pale Nakawa, kazi aliyofundishwa na Mhindi mwenye jumba. Mhindi alipofukuzwa Uganda pamoja na wenzake mwaka wa sabini na mbili, jumba likapewa Sajini Sulaimani, na Okullo akaachwa na mashine yake kwa sababu hakuna mwingine aliyejua hata kuiwasha. Filamu mpya zikaadimika kama sukari. Kufika sabini na tano ilibaki moja tu yenye kujaza viti: kichekesho cha mapenzi, mambo yote yanatokea kwenye klabu ya salsa, na maneno ni Kispaniola kitupu. Nani alijali maneno? Katikati kulikuwa na dansi la dakika tatu, na ukumbi mzima ulilijua kwa moyo, kuanzia ngoma hadi tarumbeta.

Anena naye alilijua. Huyu ndiye aliyeuza tiketi dirishani, binti mrefu wa Kiacholi mwenye ulimi mkali, na Okullo alikuwa amemposa tangu Pasaka. Kila akidai jibu lake, Anena humwambia, "Ngoja kwanza, dansi linaanza," halafu anafunga dirisha, anaingia ukumbini na kuegemea ukuta, macho hayapepesi. Okullo alimwona vizuri kupitia kitundu cha chumba cha mashine. Alimwona pia yule bwana kwenye pazia la sinema: shati wazi mpaka kitovuni, masharubu yamechongwa, nyonga utadhani hazina mfupa. Miezi sita alimkodolea macho hatua kwa hatua, akimtafutia kasoro. Hakuipata, shetani yule!

Ijumaa moja uvumilivu ukamwisha. Alichukua wembe akalikata dansi lote kutoka kwenye filamu, akaunga ncha mbili kwa gundi, na kipande akakichoma nyuma ya choo. Kilitoa moshi wenye harufu mbaya, naye akausimamia mpaka mwisho, roho yake kwatu.

Majuto ni mjukuu. Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulifurika askari kutoka kambi ya Mbuya na wake zao. Bwana wa masharubu akamnyoshea mkono yule bibi anayecheza naye kwenye filamu, waende kucheza, na papo hapo wote wawili wakaonekana mezani wanakula. Ala! Watu wakapiga viti, wakapiga miluzi, wakatukana kwa lugha zote za Uganda. Sajini Sulaimani akapanda ngazi mpaka chumba cha mashine, mkono kwenye bastola.

"Okullo! Dansi iko wapi?"

"Afande, i... imeungua."

"Imeungua? Nani nachoma?"

Siku zile askari waliwawinda Waacholi, na mtu mwenye jina la kwao kama Okullo hakutafuta ugomvi na mwenye bunduki. Akakiri. Sajini akamkokota hadi mbele ya pazia na kuamuru taa ziwashwe.

"Huyu ndiyo mwizi ya dansi!" akatangaza. "Sasa yeye nacheza hiyo dansi. Akishindwa, mimi naondoka na yeye."

Kila mtu alijua maana ya kuondoka naye. Hata hivyo watu walianza kuimba tarumbeta kwa midomo, wakipiga makofi, na Okullo akasimama pale kama kigingi. Ndipo Anena akatoka ukutani, akavua viatu, akamshika mkono.

"Cheza, mjinga wewe," alimnong'oneza, "watakuua."

Akacheza. Jamani, alicheza! Ile miezi sita ya kumchukia yule bwana ilikuwa imemwingia miguuni, hakuna hatua asiyoijua. Anena naye alizijua zote za yule bibi, hadi pale bibi anapouachia mkono wa mwanamume na kuzunguka peke yake, mwanamume amesimama tu anangoja. Sajini alicheka mpaka akafuta machozi, akamwachilia.

Nyuma ya pazia Okullo alikuwa bado anahema, lakini wivu haukuwa umemtoka.

"Umejifunza kwa ajili yake, siyo?"

"Yake nani?"

"Yule mwenye masharubu!"

"Kumbe ana masharubu?" Anena alishangaa kwelikweli. "Mimi namtazama yule mama. Anavyozunguka peke yake na hakuna anayethubutu kumshika. Mimi nikishaolewa nitazunguka wapi, Okullo? Nilijiambia leo nimwone mara ya mwisho, nimuage, halafu nikupe jibu lako." Aliinama kuvaa viatu. "Lilikuwa ndiyo."

"Lilikuwa?"

"Umemchoma."

Tangu siku hiyo, kwa amri ya Sajini, wawili hao walicheza kila Jumamosi mbele ya pazia, na jumba likajaa kuliko zamani. Kila Jumamosi Anena aliuachia mkono wa Okullo akazunguka, macho ameyafumba, anacheka na mtu ambaye si yeye. Na Okullo alisimama pale katikati ya makofi, bila jibu, akimwonea wivu yule mwanamke wa sinema ambaye yeye mwenyewe alimteketeza kwa mkono wake.