Baba Alipotoka Ukumbini

Mwanangu, siku hizi nasahau hata mahali nilipoweka miwani, lakini Jumamosi ile tulipoigiza mchezo wangu wa kwanza hapa Nakuru imekataa kunitoka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepanga chumba mtaa wa Section 58, na nilijiona mwandishi kamili. Kumbe nilikuwa debe tupu.

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha mbao kule Elburgon. Msumeno ulimkata vidole vitatu nikiwa darasa la tano, na baada ya hapo akaanza kunywa. Hujafa hujaumbika, lakini nani angeniambia hivyo wakati ule? Mimi niliona kichekesho. Nikaandika mlevi anayeangusha kikombe kila akikishika, anayemtukana mkewe, anayelala mtaroni. Zaidi ya hayo sikumpa kitu. Halafu, kwa ujinga wa ujana, nikamwalika baba aje kuona.

Alikuja amevaa koti lake la kanisani, akaketi safu ya pili. Watu walicheka, mwanangu, walicheka sana. Kikombe kilipoanguka mara ya tatu nilichungulia kando ya pazia nikamwona ameuficha mkono mfukoni. Akasimama, akamwomba radhi jirani yake, akatoka.

Kikundi chetu kilisimamiwa na Mwalimu Jaswant, mzee wa Kisikh aliyezaliwa papa hapa mjini. Ukumbi ulipobaki mtupu alinirudishia karatasi zangu.

"Huyu mzee wako anataka nini?" akaniuliza.

"Anataka pombe, Mwalimu."

"Hiyo ni kiu. Mimi nauliza anataka nini. Kila mtu unayempandisha jukwaani lazima awe na kitu anatafuta, na kitu kinamzuia. Hata yule mbaya. Kama hujui, hujaandika mtu. Umechonga kinyago ukakipa nguo."

Nilikuwa nimekaa nyumba moja na baba miaka kumi na minane, na sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake nikaenda Elburgon. Nilimkuta nyuma ya nyumba akipasua kuni kwa mkono ule mzima.

"Baba," nikamwambia, "nataka kuuandika upya ule mchezo. Niambie, baada ya ajali ulikuwa unataka nini?"

Hakuinua kichwa. "Ya nini kuniuliza sasa? Si ulishaandika."

Aliishi miaka sita zaidi. Tulikunywa chai pamoja, tukaongea habari za mvua na viazi. Kuhusu yeye mwenyewe hakuniambia neno tena, mpaka tukamzika.

Nimeandika michezo mingine, na watu wameipigia makofi. Ule wa baba nimeujaribu mara nyingi. Kila nikifika mahali anapopaswa kusema, hasemi. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekua, ana ndevu, na bado anakaa kwangu.

Sasa nimeusoma huu mchezo wako ulioniletea. Maneno ni matamu. Lakini yule mama mchoyo uliyemweka pale, anayefungia sukari kabatini, namjua ni nani, ni wa nyumbani kwenu, na wewe wajua kwamba namjua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda ukamuulize angali anataka kukujibu. Jua anachotafuta, jua kinachomzuia, kisha mwache atende, na maneno uyapunguze. Ukitaka kumcheka, mcheke ukiwa umemjua. Usipofanya hivyo, makofi utayapata na mtu utampoteza, na hakuna uandishi utakaomrudisha. Mimi nimejaribu.

Sina maneno ya kukuliwaza zaidi ya hayo. Mungu akupe sikio kabla ya kalamu, mwanangu, na awaweke hai wale utakaowaandika mpaka uwe umewauliza.