Mama Mdogo na Mwanamke wa Kuvunja Chuma

Mama yangu mdogo, yule aliyemfuata mama kwa kuzaliwa, alikuwa na nguvu zilizojulikana kijiji kizima cha Mboko, kando ya ziwa. Alibeba gunia la mihogo mibichi mgongoni, kamba ikimkaza paji la uso, akashuka nalo kutoka shambani mlimani hadi barabarani bila kulitua. Mtumbwi ukikwama mchangani, wavuvi walimwita yeye kabla ya kuitana wenyewe. Wanaume walimtania mumewe kwamba nyumbani kwake hathubutu kuinua mkono. Mama mdogo alisikia, akacheka kicheko chake cha kutoka tumboni, ambacho kilinifanya nami nicheke hata nisipojua kinachochekesha.

Ndivyo alivyokuwa mpaka siku watu wenye bunduki walipomkuta kwenye njia ya shambani. Zaidi ya hapo sitaandika. Yeye hakuniambia zaidi, na niliyoyasikia kwa wengine si yangu kuyasema. Hospitalini alikaa sana. Alipotoka, mumewe alikuwa amekwisha kuhamia kwa mke mwingine. Mama yangu alikuwa marehemu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda Mboko kumchukua, nikamleta katika chumba changu mjini Baraka.

Wakati huo nilikuwa nikishona katika karakana ya mama mmoja mjane, karibu na soko. Mama huyo alikuwa na sola juu ya bati na televisheni ukutani. Mchana jua likiwa kali na wateja wachache, alichomeka flashi yenye filamu za mfululizo. Filamu zenyewe zilikuwa kwa Kifaransa. Mimi nilifika sekondari, basi nikawa mdomo wa kila mtu aliyeonekana kwenye kioo: alipozungumza, mimi nilisema kwa Kiswahili, mguu wangu ukiendelea kukanyaga mashine. Mama mdogo nilikuja naye kila siku kwa sababu hakuweza kubaki peke yake chumbani. Alikaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu, akikata nyuzi na kushona vifungo.

Mfululizo tuliokuwa tukiutazama ulikuwa wa mwanamke mmoja anayeishi katika mji wa majengo marefu. Alivunja chuma kwa mikono. Lori lilimjia mbio, akaweka kiganja mbele, lori likasimama. Alivaa nguo nyeusi iliyombana, hakucheka, na jioni alikunywa pombe peke yake dirishani. Wasichana waliokuwa wakijifunza kushona walimpenda mno. "Ule njo mwanamuke!" walisema, yaani huyo ndiye mwanamke hasa, na mmoja wao akaanza kutembea kama yeye, mabega mbele.

Mama mdogo naye alimtazama, ila kwa jicho la mtu wa kazi. Siku mwanamke yule alipoinua gari juu ya kichwa, mama mdogo alitikisa chake.

"Mikono yake ni midogo," alisema. "Atavunjika mugongo. Haiko vile bantu banabebaka muzigo."

Tulicheka wote. Sikuwa nimemsikia akisema neno la kuchekesha tangu hospitalini. Nilianza kuamini kwamba filamu ile inamfanyia mema, na asubuhi mimi mwenyewe nilimkumbusha tujihimu tusikose mwanzo.

Kisha kikafika kipande kilichoeleza nguvu zilikotoka. Kumbe zamani mwanamke yule alikuwa msichana wa kawaida, muuza mikate, mwoga, anayetembea akiangalia chini. Tajiri mmoja alimfungia chini ya nyumba yake. Hawakuonyesha yote, lakini walionyesha ya kutosha: bega, paja, gauni lililochanika, na kamera ikapita juu yake polepole, muziki ukipigwa mtamu kama wa wapendanao. Mikasi ya wasichana ilisimama. Mama mjane alinyoosha mkono achukue rimoti.

"Uache," mama mdogo akasema.

Akaacha. Kwenye kioo msichana aliinuka kutoka sakafuni, macho yamebadilika, na mlango wa chuma ukapasuka mbele yake. Baadaye alikuwa ameketi na rafiki yake, akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Mimi sikutafsiri.

"Anasema nini?" mama mdogo aliuliza.

"Anasema bila ile mambo ilimufikia, hangekuwa vile iko sasa."

"Ile mambo njo ilimupatia nguvu?"

"Ni vile filamu inasema, mama mudogo."

Aliweka chini shati alilokuwa nalo. Aliitazama mikono yake, halafu akaitazama televisheni.

"Mi nilikuwaka na nguvu mbele," alisema. "Bale bantu njo balizibeba."

Mama mjane alizima televisheni.

Tangu atoke hospitalini kila mtu alimwita mwanamke mwenye nguvu. Mchungaji alisema hivyo mbele ya waumini. Wageni waliokuja na kamera walisema hivyo kupitia kwa mkalimani, wakamshika mkono. Majirani walisema hivyo walipoleta sombe, mboga ya majani ya mihogo. Na yeye wakati huo hakuweza kutoa ndoo ya maji bombani bila kukaa chini njiani apumzike. Nadhani walitaka kumpa kitu, na neno hilo ndilo walilokuwa nalo.

Tuliendelea kutazama, maana yeye mwenyewe alitaka kufika mwisho. Mwishoni mwanamke yule alimpata tajiri, akambana ukutani mpaka ukuta ukapasuka. Wasichana walipiga makofi, mama mjane akapiga vigelegele. Majina ya waigizaji yalianza kupanda kwenye kioo.

"Na kesho yake?" mama mdogo aliniuliza.

"Kesho yake nini?"

"Anaamuka, anafanya nini? Anapata usingizi?"

"Imeisha, mama mudogo. Habaonyeshi."

"Basi habajui," alisema, akarudi kwenye vifungo vyake.

Majuma machache baadaye tulikwenda sokoni kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Tulikuwa tumeinama juu ya meza ya mwuzaji, tukichagua, mtu mmoja alipozungumza nyuma yetu. "Pole bamama," alisema, "mutupishe kidogo." Niligeuka. Alikuwa mwanaume wa makamo, shati safi, ameshika mkono wa binti mdogo mwenye nywele zilizosukwa vizuri. Mama mdogo alisogea. Alivuta hata kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kisimguse mtoto. Mwanaume akashukuru, akapita, akapotea upande wa wauza viatu.

Nilipomgeukia mama mdogo, midomo yake ilikuwa imekauka kama aliyetembea jua kutwa. Tulirudi nyumbani, tukafunga mlango.

"Ile sauti," alisema. "Njo yeye alikuwa anabaambia benzake bafanye mbio, ile siku kule mulimani."

Kesho yake nilimpeleka polisi. Askari aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alitupa viti, akasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Ulimuona uso ile siku, mama?"

"Balinifunika uso na kikwembe yangu. Nilisikia sauti."

"Sauti haiko shahidi." Alisema kwa upole kabisa. "Na ata kama ni yeye, bengi balitoka pori, baliacha bunduki, banaishi na sisi hapa. Amani inaomba uvumilivu, mama."

Mimi nilianza kupandisha sauti. Mama mdogo alinivuta nguo, tukatoka. Njiani alisema jambo moja tu, na alilirudia mpaka tukafika. "Nilimupisha njia. Alisema nisogee, nikasogea."

Nilijaribu kumweleza kwamba mtu yeyote angesogea, kwamba sokoni ndivyo watu wanavyofanya. Hakunisikia. Kuyavumilia ya mlimani alikuwa amejifunza kwa namna yake. Hili la sokoni halikumtoka.

Baada ya hapo hakwenda tena sokoni. Karakanani alikuja siku chache. Kisha mteja mmoja akaja kupimwa suruali, mtu tunayemjua, mcheshi, mwenye sauti nene. Alipoondoka hatukumwona mama mdogo mkekani. Tulimkuta nyuma ya rundo la vitambaa, amejikunja, kitambaa amekiuma ili asitoe sauti. Jioni mama mjane aliniita pembeni.

"Binti yangu, huku kunapita wanaume kila saa," alisema. "Umupeleke kwa ndugu yake. Hapa atatufia."

Nilimpeleka kijiji cha Lweba, kwa mjomba. Mimi nilibaki Baraka, na kwa muda mrefu nilimtazama kila mwanaume aliyeshika mkono wa binti mdogo. Yule sikumwona tena. Pengine nilimwona na sikumjua, kwa kuwa uso wake niliutazama mara moja tu, na ulikuwa uso wa mtu yeyote.

Mama mjane alipata flashi mpya. Vipande vilikuwa vimeendelea, wasichana wakaniomba nitafsiri. Nikatafsiri. Mwanamke wa kuvunja chuma alikuwa amepata mpenzi sasa, na lile jambo la chini ya nyumba hawakulitaja tena. Hata mimi ilinibidi nikumbuke kwamba lilitokea.

Lweba ninakwenda nikipata nafasi. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa ndani na mlango umeegeshwa, joto limejaa. Mke wa mjomba alisema anakula kidogo na hataki kushuka ziwani hata kuoga. Nilikaa nyuma yake nikamsuka. Nywele zimekuwa chache na laini kama za mtoto mchanga. Nilimsimulia habari za jirani zetu, nani kaolewa, nani karudi Uvira. Nilipomaliza alisema asante, akaenda kulala, ingawa ilikuwa bado mchana. Nilimwachia mke wa mjomba sabuni na ndagala, nikatoka kutafuta pikipiki ya kunirudisha kabla giza halijaingia na barabara kuwa ya hatari.