Valvu Iliyouguzwa kwa Kitambaa

Kwa miaka kumi na sita Mama Geji amekuwa mtunza shinikizo kiwandani. Jina hilo alipewa na wenzake likamganda kama ruba. Siku hizi hata mumewe humwita hivyo.

Kiwanda chao hukamua mafuta ya tangawizi kwa hewa ya ukaa. Hewa hubanwa na kupashwa moto hadi isiwe hewa tena wala maji, ikapenya kwenye unga wa tangawizi na kutoka na mafuta. Mtambo ukiwashwa asubuhi haupumziki hadi jioni: unga unaingia huku, mafuta yanatoka kule, na geji, kipimo cha shinikizo, sharti isome mia tatu. Kazi ya kulishika shinikizo hapo ni ya valvu ya kutokea, kilango kinachopitisha hewa na mafuta kidogo kidogo. Lakini hewa ikitanuka pale hupoa ghafla, valvu inaota barafu, inaziba, na shinikizo linapanda.

Hita ya kuipasha valvu moto ilikufa miaka minne iliyopita. Wakati wakingoja nyingine, Mama Geji alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akaizungushia valvu. Basi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kila dakika kumi: ndoo, kitambaa, valvu. Sasa vidole vyake vina ganzi, havifungi hata kifungo cha blauzi.

Mara tatu aliomba hita. Mara tatu meneja alimfunulia karatasi ya mashine inayochora shinikizo.

"Mama, ona mstari ulivyonyooka kama rula! Hita ya nini?"

Leo asubuhi alimwaga maji ya ndoo, akaketi.

"We dada, umeingiwa na nini?" fundi umeme alimaka. "Unataka tulipuke?"

"Ikifika mia tatu thelathini, valvu ya usalama itafunguka. Nimechoka, kaka."

Mia tatu na tano. Mia tatu kumi na tano. Meneja akaja mbio.

"Mama Geji, fanya kitu!"

"Nafanya, bosi. Napumzika."

Valvu ya usalama ikanguruma, mtambo ukajizima, na mafuta ya asubuhi nzima yakaharibika. Karatasini mstari ulikwea kama mbuzi mlimani. Meneja aliutazama weee, kisha akatia sahihi fomu ya hita.

"Itafika baada ya wiki sita," alisema kwa sauti ndogo. "Hadi hapo je?"

"Tafuta wa kupokezana nami. Siuguzi peke yangu tena."

Meneja akakunja mikono ya shati, akauliza maji ya moto yanachotwa wapi. Mama Geji alimwelekeza kwa kidevu. Mkono ulikataa kunyanyuka.