Majibu Yalikuwa ya Nani?

Mama mkwe wangu aliponifulia nguo kwa mikono yake mwenyewe, nikajua nakufa.

Msinicheke. Tangu niolewe, yule mama hajawahi kuninyanyulia hata kijiko. Akija kwangu kazi yake ni kupitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Sasa kaja na begi bila taarifa, kainama kwenye beseni anasugua gauni langu, na nikimwangalia anageuza uso.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Mume wangu anachomelea mageti, na mtaa mzima wanamwita Chuma kwa sababu haugui. Mwezi ule nilikuwa napata kizunguzungu, nikiinuka naona giza, akanipeleka hospitali.

Mimi na sindano hatupatani. Nilianza kulia pale pale kwenye kiti, watu wazima wananiangalia. Chuma akakunja mkono wa shati, akamwambia mpimaji amtoe damu na yeye, tuone nani mwoga. Basi tukapimwa wote. Simu yangu ilikuwa mbovu, tukaandikisha namba yake kwa wote wawili. Wakasema majibu yakitoka watapiga.

Nikarudi kwenye kushona. Kimya.

Mara vituko vikaanza.

Siku moja naamka, cherehani haipo. Chuma kaihamishia kwa jirani, eti nipumzishe miguu. Nikishika ufagio, nanyang'anywa. Nikitaka kwenda dukani, mama mkwe kakaa mlangoni na kiti chake, ananiuliza nataka nini, anamtuma mtu.

Chakula nalishwa kama mzazi aliyetoka kujifungua. Chuma ananisogezea minofu yote, yeye anadonoa tu na kusukuma sahani.

Niliuliza, jamani, kuna nini? Hakuna kitu. Nikauliza hospitali wamepiga? Chuma akaanza kunisimulia habari za geti la mteja.

Nilichanganyikiwa. Nyumba yangu mwenyewe ikawa mahabusu. Nalala kitandani mchana kweupe, nahesabu nyufa za ukuta, nawaza wanangu atawalea nani. Na kuuliza tena nikaacha, maana niliogopa kujibiwa.

Mwisho nikasema liwalo na liwe. Nikamfuata mama mkwe kwenye beseni, nikamwambia sitoki hapo mpaka aniambie ninaumwa nini.

Akaacha kufua, machozi hayo.

"Hospitali walipiga, mwanangu. Walisema majibu siyo mazuri, mgonjwa aje haraka, mengine hawasemi kwenye simu. Chuma akaenda kukuulizia. Dirishani wakamwambia majibu yako hawampi yeye, uende mwenyewe."

"Sasa mbona hamkunipeleka?"

"Alisema hofu itakuua kabla ya ugonjwa. Akataka upate nguvu kwanza."

Wiki mbili. Wiki mbili wananinenepesha kimya kimya.

Nilipandwa na hasira mpaka kizunguzungu kikakimbia. Nikampigia Chuma kwa simu ya mama yake, nikamwambia aache kazi, tunakwenda hospitali sasa hivi.

Kule nikasimama dirishani. Dada wa majibu akachezea kompyuta yake weee, hanitazami.

"Yako yalitoka zamani. Damu imepungua kidogo. Utapewa vidonge."

"Basi? Siumwi kingine?"

"Nani kakwambia unaumwa?"

Nusura nimkumbatie na kioo chake. Chuma aliposikia, akaenda kukaa kwenye benchi, akajifunika uso akalia mbele za watu. Kisha akatoa simu kumpigia mama yake.

Mimi sasa hasira ikarudi. Nikamuuliza yule dada, kama siumwi, walitupigia kututisha ili iweje?

Akaangalia tena kompyuta. Safari hii akaangalia vizuri.

"Tulipiga, ndiyo. Mgonjwa hakuja mpaka leo."

"Mgonjwa gani?"

"Siwezi kukwambia wewe, dada. Lazima aje mwenyewe."

Nyuma yangu namsikia Chuma kwenye simu, anacheka na kulia kwa pamoja, anamwambia mama yake, "Mzima, mama. Mzima kabisa."

Nikamwita. Akaja anatabasamu.

"Tayari? Twende nyumbani?"

"Bado," nikamwambia. "Wanakutaka wewe."

Ilikuwa figo. Daktari alisema angewahi siku ile ile alipopigiwa, huenda dawa zingetosha. Sasa anaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu kila wiki, na mimi nakaa pembeni yake.

Wewe unayepiga simu za majibu, mtaje mgonjwa kwa jina. Na wewe unayepigiwa, usikate kabla hujauliza ni majibu ya nani.

Mume wangu hakuuliza. Moja kwa moja alidhani ni mimi, kwa sababu aliyekuwa anaogopa kumpoteza ni mimi.