Bosi na Moto wa Kuchomelea

Barthélemy, mwanangu, huchomelea baiskeli za wachuuzi wa samaki uani kwetu Nchelenge, kando ya ziwa. Mbwa wake, Bosi, tulimfunga mbali kidogo ili cheche zisimuunguze. Asubuhi moja nikamkuta Bosi anatokwa machozi, akijigonga kwenye nguzo aliyofungiwa.

"Ni moshi tu, mama. Wewe unaogopa hata kuku."

"Wewe unavaa kioo cheusi, mwanga wa moto usikuumize. Yeye anakutazama kutwa kwa macho matupu, kwa sababu anakupenda."

Barthélemy akamfungua. Akamleta nyuma ya nyumba, ninapoanika dagaa. Siku tatu akamfuta macho kwa maji safi, mpaka yakapona.

Sasa hawashi moto kabla ya kuita, "Bosi, kwa mama!" Naye huja kunilalia miguuni. Akiiba dagaa, ninamwachia.