Marehemu wa Kisomo cha Heru Juu

Theodosia alikufa Jumanne moja ya mwaka 1975, saa kumi alasiri, akiwa ameketi mstari wa mbele na daftari magotini. Aliyemuua ni mwanawe wa pekee, Nestori, kwa penseli.

Tulikuwa kwenye kisomo cha watu wazima hapa Heru Juu. Theodosia alikuwa mjane, mkulima wa maharage, na hakuna aliyewahi kumtangulia shambani wala kwenye ugomvi. Alijiandikisha kwa sababu alichoka kusomewa barua zake na watu ambao, kwa maneno yake, waliruka yale matamu.

Mwalimu wetu Bazilio alikuwa na riwaya moja tu, akitusomea sura moja kila Jumanne. Msimulizi wa riwaya ile anaeleza maisha yake mwenyewe, na anaanza na kifo cha mama yake yeye akiwa na miaka saba. Tulilia, Theodosia akitushinda wote. Ndipo Bazilio akasema, "Mmeona anavyoanza? Sasa kila mtu aandike maisha yake, aanze vivyo hivyo."

Sisi ni watu watiifu. Wanafunzi kumi na wawili tukazika mama zetu. Mimi Winifrida nilimzika wangu aliyekuwa Kabanga akipalilia mihogo, na mpaka leo sijamwambia. Lakini mama yake Nestori alikuwa pale pale. Nestori akasimama, akasoma kwa sauti ya msibani: "Mama yangu mpendwa alifariki nikiwa na miaka saba. Tulimzika mvua ikinyesha."

"Mlinizika wapi?" akauliza Theodosia.

Hakuna aliyecheka. Kwetu, kumzika mtu kwa mdomo angali hai ni kumwitia kifo. Theodosia akabeba kigoda chake, akaenda zake.

Kesho yake Bazilio akapita kwake kumwamkia. "Mwakeye, mama."

"Marehemu haamkiwi, mwalimu."

Nestori, ambaye mkewe alikuwa amekwenda kwao Muyama kujifungua, akafika na njaa yake. Akaambiwa wafu hawapiki. Akarudi na kibuyu cha pombe ya ndizi, maana ndivyo tunavyoomba radhi. Kibuyu kikarudishwa kimejaa, jambo ambalo Heru Juu halijapata kuonekana.

"Na mwanangu akizaliwa, mama? Nani atampokea?"

"Mtafutie bibi aliye hai."

Hapo utani ulikwisha. Nestori akaja kwangu. Mtoto asiyepokelewa na bibi yake, nani atamtaka? Nilimwonea huruma, ingawa mjinga ni mjinga.

Bazilio, aliyejua kosa ni lake, akaenda kumwuliza mama yule anataka nini. "Aandike upya," akasema Theodosia. "Anayoyajua yeye, si ya kitabu. Asome mbele ya watu."

Nestori alikaa siku tatu na karatasi tupu. "Winifrida," akaniambia, "nimeishi naye miaka thelathini, sina la kuandika." Siku ya nne alikwenda kuzunguka mashamba yao ya zamani peke yake.

Jumanne, Theodosia alikaa karibu na mlango, kama mgeni. Nestori akasoma:

"Mama yangu ni Theodosia. Mwaka wa njaa nilikuwa na miaka saba. Kila jioni alinipa kiazi, akasema yeye amekwisha kula shambani. Niliamini. Jana nimesimama kwenye shamba lile, nikakumbuka kuwa mwaka ule hatukupanda kitu. Mbegu tulikuwa tumezila."

Bazilio alisahau kumwambia aketi.

"Viazi vyenyewe vilikuwa vidogo," akasema Theodosia. "Visingetosha wawili."

Nestori akalia, mtu mzima na ndevu zake, wala hakujificha. Mama yake akaichukua ile karatasi mkononi mwake, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Kesho nakwenda Muyama," akasema. "Mjukuu nitamsomea mwenyewe."