Tumbo la Generoza

Niliondoka Gitega kwa sababu ya habari mbili zilizonifikia katika wiki moja, na habari hizo zilipingana.

Ya kwanza ilikuja kwa barua. Karibu miaka miwili nyuma, nikiwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, nilimsaidia Daktari Melkiori kumpasua msichana wa Muyinga aitwaye Generoza. Tulimtoa uvimbe mkubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga, uliokuwa umeota kwenye ovari ya kushoto. Kipande chake tulikitia kwenye formalini kisioze, tukampa padri aliyekuwa anarudi Ulaya akipeleke maabara. Kisha vita vikazidi, posta ikalala, na Generoza akarudi kwao bila jibu.

Sasa jibu lilikuwa mezani. Daktari alilisoma mara mbili ndipo akanieleza. Uvimbe ule uliitwa disgerminoma. Ni saratani ya nadra, inaanzia kwenye chembe za mayai, na huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Lakini kati ya saratani za ovari, hiyo ni mojawapo ya zile zenye matumaini makubwa. Ikikutwa upande mmoja na ganda lake halijapasuka, kama la Generoza, wengi hupona kwa upasuaji peke yake, na ovari iliyobaki inaweza kuzaa. Hata ikirudi, mara nyingi dawa huishinda.

"Ila ikirudi," daktari alisema, "huwa inarudi zaidi katika miaka miwili mitatu ya kwanza. Alipaswa kupimwa kila baada ya miezi michache. Bon, na sisi hatujamtia machoni tangu atoke hapa."

Habari ya pili aliileta Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, jirani yangu mtaani Nyamugari, ambaye huuza vitenge mpaka Muyinga. Alinikuta nafua nguo, hakungoja hata nimpe kiti.

"Mama Zuhura, ule mutoto mulimupasua, tumbo yake imerudia. Iko inavimba tena. Kwa bwana yake banasema ni kungojea kifo tu."

"Ameolewa?"

"Ameolewa na fundi wa baisikeli. Wanaume wote walimukataa juu hana kizazi. Ule peke yake akamukubali."

Nilikimbia hospitali na mikono yenye povu. Daktari asingeweza kuondoka. Alikuwa mpasuaji peke yake, na majeruhi walikuwa wamelala mpaka kwenye sakafu. Akanipa barua ile mkononi. "Nenda wewe. Kama imerudi, mlete upesi. Dawa nitazitafuta Bujumbura mpaka nizipate."

Mume wangu hakutaka nisafiri. Alisema barabara ile inaua watu, na alisema kweli. Nikamuuliza, "Na huyu binti naye tumwache?" Jumanne alfajiri alibeba mkoba wangu mwenyewe mpaka kwenye gari.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Gari letu lilikuwa lori la Mhindi mmoja mwenye duka, limejaa chumvi na sabuni, nasi abiria juu ya magunia, Mama Furaha na mimi tumejifunika kitenge kimoja kwa baridi. Tulijipanga nyuma ya gari la askari, magari tisa kwa jumla. Njia fupi ya Karuzi ilikuwa imefungwa wiki ile, kwa hiyo tulipitia Mutaho na Ngozi. Tulipoupita mtaa wa Musinzira, watoto walitupungia mikono. Baada ya hapo hakuna aliyetupungia. Kilima baada ya kilima, na kwetu kilima ndicho kijiji, nyumba zilisimama bila mabati, na mahindi yalikuwa yamekomaa shambani bila mtu wa kuyavuna.

Mutaho, saa tatu. Msafara ulisimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha askari. Wanaume wa baisikeli, kila mmoja na mikungu yake ya ndizi, walikuwa wanangoja askari waikague barabara. Tukangoja nao. Ghafla risasi zililia ng'ambo ya bonde, tukajitupa chini ya lori. Nililala kifudifudi, barua nimeibana kifuani, nikamsikia Mama Furaha akiomba kwa sauti: "Yesu, sisi hatuna maneno na mutu, tuko tunaenda kuona mugonjwa!" Hata mimi Mwislamu niliitikia amina. Risasi zikanyamaza. Saa sita tukaruhusiwa, tukavuka daraja la Ruvubu kwa miguu, lori likitufuata polepole, na jioni tukafika Ngozi, tukalala kwa waumini wenzake Mama Furaha.

Jumatano, saa nane mchana. Muyinga jua ni kali kuliko kwetu, na siku ile nililifurahia. Mama Furaha aliniongoza kwa mwendo wa nusu saa kati ya mibuni mpaka nyumba ya udongo yenye baisikeli tatu zimepinduliwa uani. Mwenye nyumba, Deo, kijana mwembamba, alinyanyuka na mikono yenye grisi. Mama yake alinitangulia mlangoni.

"Yoo! Muganga, umechelewa," alisema. "Mi nilimwambia huyu mutoto wangu asioe mutu ametolewa kizazi. Sasa ona, anaoa maiti."

"Mama, nyamaza," Deo alisema, bila ukali. Kisha kwangu: "Karibu ndani. Hakuli vizuri. Hataki hospitali."

Generoza alikuwa amelala kwenye mkeka, ameupa ukuta uso. Alinitambua kwa sauti.

"Mi sirudi kupasuliwa," alisema. "Mara ya kwanza mulisema tungoje jibu. Jibu ndiyo hii." Akajipiga tumboni kwa kiganja.

Niliketi chini, nikafungua barua, nikamsomea yote, nikiitoa Kifaransa na kuiweka kwenye Kiswahili neno kwa neno. Nilipofika pale panaposema wengi hupona, aligeuka. Nilipofika pale pa ovari ya kulia, aliinuka akaketi.

"Donc kizazi yangu iko?"

"Ipo. Tulitoa upande mmoja tu. Mfuko wa uzazi haukuguswa."

Deo alikuwa amesimama mlangoni, grisi imemkaukia vidoleni. Nilimuuliza Generoza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Hakukumbuka. Tangu upasuaji ilikuja ikipotea, na alidhani ndiyo ugonjwa wenyewe. Nikamuuliza kama tumbo linacheza. Akajibu, "Iko kitu inatembea. Wiki mbili hizi. Lakini hata uvimbe wa kwanza nilikuwa nasikia unanigonga."

Mkobani nilikuwa na kipimo kimoja cha mimba, cha mkojo. Nikampima, na mistari miwili ikatokea. Deo akapiga makofi, nikamzuia. Barua ilitahadharisha kwamba uvimbe wa aina hii wakati mwingine hutoa homoni ileile ya mimba, hivyo kipimo cha mkojo kinaweza kudanganya. Sikutaka kuwapa furaha ambayo ningekuja kuwanyang'anya. "Lala chali," nikamwambia, "nikuguse kwanza."

Uvimbe wa kwanza ulikuwa mgumu, umeegemea kushoto. Huu ulikuwa katikati, laini, umefika kitovuni. Nilitoa pembe yangu ya mbao, ile tunayotegea sikio tumboni mwa mjamzito. Niliweka hapa, nikahamisha pale. Nikasikia upepo tu wa matumbo. Mama mkwe akasogea karibu. Nikaishusha chini kidogo, upande wa kulia, nikaziba sikio la pili.

Mpigo ulikuwepo. Mwepesi, mbiombio, kama saa ya mkononi chini ya mto wa kulalia. Nikashika kifundo cha mkono wa Generoza, nikahesabu mapigo yake. Yalikuwa polepole. Ule uliokimbia tumboni haukuwa wa moyo wake. Uvimbe hauna moyo.

Nilijaribu kusema kitaalamu, nikashindwa. "Generoza," nilisema, "una mtoto humu."

Alinitazama kana kwamba namtania. Nilimwita Deo, nikamwekea sikio kwenye pembe. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, amefumba macho, machozi yakimchirizika mpaka kwenye mbao. Mama Furaha ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, na majirani wakaja mbio wakidhani Generoza amekata roho. Wakamkuta ameketi mkekani, anakula maharage kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi tulipanda msafara wa kurudi, safari hii tukiwa wanne, maana Deo hakukubali kubaki. Nilikuwa nimewaeleza wazi kwamba mimba haiondoi hofu yote, kwani ugonjwa ungeweza kuwapo pamoja na mtoto. Mutaho tulipita bila kusimama. Gitega, daktari alimlaza kwenye mashine yetu ya zamani ya ekografi, ile inayoonyesha picha ya ndani ya tumbo. Akamwona mtoto, akampita, akaendelea kutafuta. Ovari ya kulia ilikuwa safi. Kushoto hapakuwa na kitu. Kila aliposogeza mkono alisema neno moja, "Safi," na kila aliposema, Deo alilirudia.

Generoza alibaki Nyamugari, nyumbani kwangu, mpaka alipojifungua. Baadaye alirudi kupimwa kila mara barabara ilipofunguka, hata miaka ile ya hatari ikaisha bila ugonjwa kurudi. Alizaa tena.

Mimi nilijifunza kwamba jibu la maabara, hata likiwa zuri namna gani, halimponyi mtu likibaki mezani. Mgonjwa wa Muyinga alikuwa amepona kwa miezi mingi, na bado alikuwa anakufa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Tangu safari ile, mgonjwa asiporudi kuchukua majibu yake, mimi huuliza anakaa kilima gani.

Siku Generoza alipojifungua, mama mkwe alifika kutoka Muyinga akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimtoa mtoto, msichana mnene mwenye sauti kali, mikononi mwa Generoza, akazunguka naye wodi nzima, kitanda hadi kitanda, akimwinua juu.

"Mutazame!" aliwaambia. "Mutazame vizuri! Uvimbe wetu ndiyo huu, na unalia!"